Bonaire kwa pikapu: namna ya kuzunguka kisiwa ukiwa umeenda kuzamia

Wengi wakisikia likizo ya kuzamia wanawaza boti tu. Mnaamka, mnabanana kwenye benchi na wageni kumi na mitungi ishirini ya hewa, nahodha anawapeleka anakotaka yeye na mnarudi saa anayotaka yeye. Bonaire mambo ni tofauti kabisa, kule boti yako ni pikapu. Unapakia mitungi nyuma, unafuata barabara ya pwani mpaka unakuta jiwe limepakwa rangi ya njano na jina la sehemu limeandikwa, unapaki, unavaa, unaingia baharini kwa miguu yako mwenyewe. Nimeshaenda mara tatu nikitokea Rotterdam ninakoishi, na kila nikirudi ndugu na marafiki wa Tanga na Mombasa wananiuliza maswali yale yale, kule mtu anazungukaje, kuna daladala, kuna bajaji, gari ni lazima? Basi leo naandika yote.

Jibu la haraka: daladala wala bajaji ya kutegemea hakuna, teksi zipo ila hakuna dereva atakayefurahi ukipanda na suti ya kuzamia inachuruzika maji ya chumvi na mitungi minne. Kodi pikapu. Mkiwa wawili au wanne mnachangia na inakuwa nafuu.

Kwanza uelewe kisiwa kilivyokaa, ukishaelewa hilo mengine yote yanakuwa rahisi. Bonaire iko kama kilomita 80 kutoka pwani ya Venezuela, urefu wake haufiki kilomita 40, na imepinda kama mundu. Upande wa ndani wa mundu unatazama magharibi, na hapo katikati kuna mji wa Kralendijk na mbele yake kisiwa kidogo kisicho na watu kinaitwa Klein Bonaire. Sasa sisi tuliozaliwa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kaskazi na kusi, upepo unageuka kwa msimu na bahari inageuka nao. Kule upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima, siku zote ubavu ule ule. Ndiyo maana upande wa magharibi maji yametulia na sehemu karibu zote za kuzamia ziko huko, mashariki ni mawimbi ya kupasua mawe. Na jambo lingine, sahau habari za bamvua. Tanga maji yakipwa unatembea nusu kilomita kwenye matope kabla hujafika kwenye kina, Bonaire tofauti ya maji kujaa na kupwa ni ndogo, kama urefu wa rula ya shule, kwa hiyo huna haja ya kupanga siku yako kwa kuhesabu mwezi. Unapanga kwa upepo. Mara chache sana upepo unageuka ukatoka magharibi, na siku hiyo ukikuta mawimbi yanapiga ufukweni usilazimishe, geuza gari mkale samaki, kesho ipo.

Makaratasi nayapitia kwa kifupi. Bonaire ni sehemu ya Uholanzi, tangu tarehe 10 Oktoba 2010 inahesabika kama manispaa maalum, lakini hela yao ni dola ya Marekani tangu 2011, usibebe euro. Viza ya Schengen na viza ya visiwa vya Karibiani vya Uholanzi ni vitu viwili tofauti, wenye pasi za Kenya na Tanzania waulize ubalozi mapema kabla ya kulipia tiketi. Ukitokea nyumbani njia iliyonyooka ni kupitia Amsterdam. Kuna kodi ya kuingia kisiwani, dola 75 kwa mtu mzima, na kuna ada ya hifadhi, dola 40 kwa mwaka mzima, hiyo ya pili inakwenda STINAPA ambao ndio wanaitunza hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1979. Zote mbili unalipia mtandaoni kabla, angalia kama bei zimebadilika. Ile ya hifadhi mimi nailipa kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu nimeona pwani zetu zilivyopigwa baruti za samaki, halafu nikaona kule matumbawe yanaanzia hatua chache kutoka ufukweni, najua hiyo tofauti haikuja yenyewe.

Sasa gari. Nyingi ni dabo kebini, na nyingi zina gia za mkono, kama unajua otomatiki tu sema wakati wa kubuku. Bodi ya nyuma inakuwa na raki ya mbao au chuma ya kusimamisha mitungi. Kabla hujasaini fanya haya, na usione aibu kuwaweka watu pale kaunta nusu saa: tingisha raki uone kama imelegea, hesabu mikanda ya kufungia, piga picha kila mkwaruzo, halafu spea, jeki na spana ya nati. Jeki na spana uviweke mkononi kabisa, spana uijaribu kwenye nati. Safari yangu ya kwanza nilisaini haraka haraka kwa kampuni moja, tukapata pancha kusini kabisa ya kisiwa saa 10 jioni. Nimetoa spea, ina upepo safi. Jeki hakuna. Spana iliyopo ni saizi ya gari nyingine. Mitungi minne nyuma, upepo unasukuma mchanga machoni, nyumba hata moja haionekani, ni mabwawa ya chumvi tu mpaka mwisho wa macho. Tulikaa mpaka akapita mzee mmoja na pikapu yake imejaa mbuzi, tukamsalimia bon tardi, akasimama, akashusha jeki yake akafunga tairi yeye mwenyewe, hela akakataa. Toka siku hiyo spana naijaribu kwenye nati mbele ya mwenye gari.

Na hiyo salamu msiidharau. Lugha ya wenyeji ni Papiamentu, Kiholanzi na Kiingereza pia wanajua, wengi na Kihispania, lakini ukiingia dukani bila salamu wanakuona huna adabu, sawasawa na kwetu pwani. Bon dia asubuhi, bon tardi mchana na jioni, bon nochi usiku, danki ni asante. Yanatosha kukufungulia milango.

Kuendesha: wanatumia mkono wa kulia. Kama umezoea kushoto, siku ya kwanza zunguka mjini bila mitungi kwanza. Mataa ya barabarani hakuna hata moja kisiwa kizima, kuna vipilefti, na kule unavizunguka kinyume cha saa, hapo ndipo wenzetu wengi wanapojisahau, hasa mkiwa mmetoka majini mmechoka na mnapiga stori. Mwendo mjini ni 40, nje ya mji 60 sehemu nyingi, na kwa kweli hakuna pa kukimbilia. Halafu kuna punda. Wako punda wanaojiendea wenyewe, vizazi vya wale walioletwa kufanya kazi zamani, na waliotoka Lamu wasidhani watakuwa sawa na wale wa uchochoroni, hawa wanatoka porini ghafla wanasimama katikati ya lami. Usiku ndiyo hatari, ngozi yao ya kijivu huioni mpaka umeshafika. Kuna mbuzi pia, na mijusi mikubwa inayoota jua barabarani. Mafuta jaza mjini kabla hujaelekea upande wowote.

Siku ya kwanza hamuanzi popote mpaka mmepata maelekezo ya hifadhi na kuzamia mara moja ya majaribio mbele ya duka la kuzamia. Ndiyo sheria na ni nzuri, hapo ndipo unarekebisha risasi za mkanda, yaani vile vipande vizito vya kukuzamisha, ziwe kiasi gani uzame vizuri bila kugusa matumbawe. Glavu ni marufuku, ili usishike shike. Mafuta ya kujikinga na jua yenye oksibenzoni na oktinoksati yamepigwa marufuku tangu 2021, kwa hiyo nunua mengine, au vaa tu fulana ya mikono mirefu, mimi ndivyo ninavyofanya.

Mitungi mnapewa kwa mtindo wa kupita na gari, unarudi nyuma taratibu mpaka kwenye ghala, unashusha mitupu, unapakia iliyojaa, unaondoka. Maduka mengi yana naitroksi ya asilimia 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka asilimia hiyo, na kama una cheti chake ichukue, kwa watu wanaozamia mara tatu kwa siku wiki nzima inasaidia. Ila pima kila mtungi wewe mwenyewe kwa kile kipimo chao, andika asilimia kwenye teipu, saini daftari. Mwenzako asikupimie. Kwa asilimia 32 usipite mita 33. Kupakia nako kuna namna yake: koki zielekee juu, mikanda ivutwe mpaka mtungi usicheze, na ukikata kona nenda pole pole maana mtungi uliolala na kubingirika unavunja koki na unavunja mguu wa mtu. Beba mtungi mmoja wa ziada, dumu la lita tano la maji baridi la kujimwagia na kuoshea kamera, na maji ya kunywa. Ya bomba yanafaa, ni ya bahari yaliyosafishwa chumvi, jaza chupa zako usinunue plastiki.

Sasa suala la wizi, niliseme wazi. Kisiwa ni salama, watu wakarimu, lakini pikapu zilizopaki pwani zinapekuliwa, wanajua mwenyewe yuko chini ya maji kwa saa nzima. Dawa yake ni usiache kitu chochote ndani ya gari. Siyo kuficha chini ya siti, usiache kabisa. Simu, pasi, pochi, miwani ya jua ya bei, vyote vibaki nyumbani. Wenyeji wenyewe wanakwambia acha milango bila kufunga na vioo ushushe, anayetaka kuchungulia achungulie aone hakuna kitu, la sivyo atavunja kioo na utamlipia wewe. Soma bima yako inasemaje kuhusu hilo. Ufunguo uende nao majini, kwa hiyo pale kaunta omba ufunguo wa chuma mtupu usio na rimoti, maji ya chumvi yanaiua rimoti siku moja.

Njia ya kaskazini ndiyo inayowakamata wageni. Ukitoka mjini kufuata pwani utapita sehemu kama Andrea, Oil Slick Leap, mpaka 1000 Steps. Ngazi za hapo hazifiki hata 80, lakini ukipanda na mtungi mgongoni utaelewa kwa nini waliziita elfu. Shuka polepole, pumzika katikati, na uende asubuhi kabla jua halijachoma zile ngazi. Ukishapita hapo barabara inakuwa ya kwenda tu, hakuna kurudi nyuma. Ni nyembamba, ukuta wa mawe kulia, bahari kushoto, na mbele kuna Karpata ambayo kwangu mimi ndiyo mwamba mzuri kupita wote kisiwani, mteremko unashuka ukiwa umejaa matumbawe makubwa na mara nyingi kasa wanapita. Lakini jipange: kurudi mjini utalazimika kuzunguka kwa ndani kupitia Rincon. Kwa hiyo usiseme nitazamia Karpata kwanza halafu narudi 1000 Steps, anza na ya karibu umalizie na ya mbali, halafu rudini kupitia Rincon mle hapo. Rincon ndicho kijiji kikongwe kuliko vyote kule, supu ya mbuzi ipo, na watu wana muda wa kuongea.

Kusini ni rahisi zaidi, barabara ni tambarare na unazunguka duara lote, uwanja wa ndege, Hilma Hooker, Salt Pier, mabwawa ya chumvi ya rangi ya waridi, mnara wa taa wa Willemstoren, halafu unapanda upande wa mashariki mpaka Sorobon na Lac, ghuba ya maji ya kina kifupi wanapocheza na mbao zenye tanga. Hilma Hooker ni meli ya mita 72, ilikamatwa na zaidi ya tani 10 za bangi zimefichwa ndani, ikazama tarehe 12 Septemba 1984, sasa imelala ubavu kwenye mchanga wa mita 30. Hiyo ifanye ya kwanza ya siku kwa sababu ya kina chake. Salt Pier ni gati ya kupakia chumvi, unazamia katikati ya nguzo zilizovaa sponji za kila rangi, ila meli ikiwa imefunga hairuhusiwi kabisa, kwa hiyo unapita na gari unaangalia, ukiona meli endelea mbele.

Ukiendelea mbele utafika White Slave, na hapa naomba usipite tu. Kuna vijumba vidogo vya mawe vimejipanga ufukweni, vilijengwa kama mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa waliokuwa wakichimba chumvi. Mlango unafika kiunoni. Mimi niliingia kwa magoti, ndani nikashindwa kusimama, nikanyoosha mikono nikawa nakaribia kugusa ukuta huu na ule, na humo walilala watu wazima kadhaa baada ya kushinda juani kwenye chumvi. Familia zao zilikuwa Rincon, mwendo wa masaa mengi kwa miguu. Utumwa kwenye makoloni ya Uholanzi ya Karibiani ulifutwa mwaka 1863. Nilikaa pale mlangoni na suti bado inachuruzika nikamkumbuka bibi yangu alivyokuwa anatuambia habari za Pangani, za watu waliopitishwa pale wakapakiwa majahazini. Bahari tofauti, watu tofauti, lakini mwili unaelewa. Zima gari, wanyamazieni dakika chache, halafu ndiyo mvae mitungi.

Kuingia majini kwenyewe kuna kazi, maana ufukwe mwingi siyo mchanga, ni vipande vya matumbawe mafu vinavyoteleza na mawe yenye ncha. Viatu vyenye soli ngumu ni lazima. Vaeni kila kitu garini, ingieni mmeshikana mikono, mapezi mkononi mpaka maji yafike kiunoni, jaza hewa jaketi la kuelea, vaa mapezi ukiwa unaelea. Ogeleeni mpaka kwenye boya, hapo mwamba unaanza kushuka kwenye kina cha kama mita 10. Angalia mkondo unaenda wapi, anza kwa kupingana nao, mtungi ukifika nusu geuka ukurudishe. Na kabla ya kuzama geuka nyuma, tazama gari lako liko karibu na kitu gani, mti, nguzo, kichuguu cha chumvi, kwa sababu ukiibuka pwani yote inafanana.

Usiku zamieni karibu na mjini, sehemu mliyoiona mchana. Kuna samaki mkubwa wa fedha anaitwa tarponi, anawafuata na kuwinda kwa mwanga wa tochi zenu, anapita karibu na sikio mpaka unashtuka, hana neno, ila usimmulike samaki mdogo usoni maana utakuwa umemuua. Na mtaona samaki simba, yule wa mapezi marefu kama manyoya. Kwetu ni mwenyeji na ana nafasi yake, kule ni mvamizi, alionekana Bonaire mwaka 2009 na anamaliza samaki wadogo, wanaruhusiwa kumwinda waliofundishwa tu.

Kuna jambo linaloniuma. Mwaka 2023 uliingia ugonjwa unaoua matumbawe magumu, unaona kichwa kikubwa cha matumbawe cha miaka mingi kimebaki doa jeupe linalopanuka. Kwa sisi wa pikapu maana yake ni hii: tunahama sehemu tano kwa siku, na vifaa vyetu vinaweza kubeba maji ya sehemu iliyougua. Uliza duka lako asubuhi ramani ya ugonjwa ikoje, anza na sehemu zisizougua umalizie na zilizougua, osha vifaa kwenye pipa la dawa kila jioni, na sehemu iliyofungwa usiingie hata kama hakuna mtu anayekuona.

Klein Bonaire pikapu haifiki, unachukua teksi ya majini kutoka mjini, na uende na mitungi yako kama wanakubali au uchukue boti ya duka siku moja. Hifadhi ya Washington Slagbaai huko juu kaskazini, ya mwaka 1969, ni siku nzima. Ingieni asubuhi wakifungua, barabara za ndani ni mawe na ni za upande mmoja, moja fupi ya kijani na moja ndefu ya njano, na pikapu ya chini chini haitafaa. Risiti ya ada ya hifadhi ndiyo tiketi yenu pale getini.

Siku ya mwisho msizamie. Baada ya kuzamia siku nyingi mfululizo subirini angalau masaa 18 kabla ya ndege, mimi naacha 24 kamili. Siku hiyo nendeni ziwa la Gotomeer mkatazame heroe, ni rahisi sasa maana gari ni jepesi. Rudisheni mitungi na risasi zote zihesabiwe, osheni bodi ya nyuma mchanga utoke, jazeni mafuta, na mkifika kwa wenye gari wekeni jeki na spana juu ya siti ya mbele, anayekuja baada yenu avikute.